Je, Wajua Madigadi ya Gari Dogo la Mfano Hutengenezwaje?

Gari lenye urefu wa mita 4.8 likipunguzwa mara 24 hubaki na sentimita 20. Urefu, upana na kimo hupungua bila taabu. Kinachogoma ni unene. Bati la bodi ya gari huwa na takriban milimita 0.8. Ligawe kwa 24, unapata milimita 0.033, karibu theluthi ya unene wa karatasi ya daftari. Bodi nyembamba kiasi hicho isingestahimili kushikwa. Basi fundi anayejitengenezea madigadi, boneti au bampa ya gari la mfano, bila kununua kipande cha kiwandani, hana budi kulidanganya jicho.

Malighafi yake kuu ni polistirini, plastiki nyeupe inayouzwa katika vipande bapa vya unene wa nusu milimita, milimita moja na kadhalika. Plastiki hii hulegea joto linapofika kama nyuzi 100. Tena huyeyushwa na gundi yake maalumu: nyuso mbili zikishalainika, molekuli za upande huu husokotana na za upande wa pili, kisha kimiminika huvukizwa na hewa. Hapo vipande viwili vimekuwa kitu kimoja.

Tuseme anataka madigadi iliyotuna kama ya gari la mashindano. Huchonga kwanza kalibu ya mbao, ndogo kidogo kuliko umbo analolitaka, ili kuachia nafasi ya unene wa plastiki. Huipasha plastiki moto mpaka ilegee, akaivuta juu ya kalibu na kuiacha ipoe. Akishaikata na kuigandisha kwenye bodi, huziba nyufa kwa epoksi ya kukanda, akasubiri saa kadhaa ikauke, ndipo apige msasa. Upande wa pili huupima kwa kigezo cha kadibodi kilichokatwa kufuata upande wa kwanza, kisha kikageuzwa, maana madigadi mbili zikipishana hata nusu milimita, gari zima huonekana limepinda.

Utamu wa kazi uko kwenye ukingo wa tao la gurudumu. Plastiki ya nusu milimita, kwa kipimo cha kupunguza mara 24, ni sawa na bati la milimita 12. Fundi huchukua tupa ndogo akaikwangua plastiki kwa ndani, kimshazari, mpaka ukingo peke yake uwe mwembamba. Kwa kuwa mtazamaji huona ukingo tu, huamini bodi nzima ni bati. Hata rangi ina hesabu yake: tabaka la milimita 0.1 ni sawa na milimita 2.4 kwenye gari halisi, hivyo mistari ya milango huchimbwa zaidi kabla ya kupuliza rangi, isije ikafukiwa.

Ufundi huu umewahi kufungua milango ya ajira. Nchini Marekani, kuanzia 1930 hadi 1968, General Motors iliendesha shindano la Fisher Body Craftsman's Guild. Vijana walianza kwa kuunda mifano ya gari la kifalme la kukokotwa na farasi, na tangu 1937 wakaunda pia mifano ya magari waliyoyabuni wenyewe, wakishindania fedha za masomo. Chuck Jordan, mshindi wa 1947, baadaye aliongoza idara nzima ya usanifu ya kampuni hiyo. Anayejua ni wapi jicho linatazama, na ni wapi pa kupunguza, tayari ameanza kazi ya msanifu wa magari.