Mwalimu Tarajali Mbele ya Darasa

Kila mwanachuo wa ualimu nchini Tanzania hupelekwa shuleni kufundisha kwa vitendo kabla ya kuhitimu. Mafunzo hayo, ambayo vyuoni na shuleni huitwa BTP, humtoa mwalimu tarajali katika chuo kama Butimba, Korogwe au Mpwapwa na kumweka kwa wiki kadhaa katika shule, tuseme ya msingi, ambako hupangiwa darasa, somo na mwalimu mwenyeji wa kumwongoza.

Maandalizi huanza chuoni kwa wanachuo kufundishana. Mmoja hushika chaki, wenzake hujifanya wanafunzi, na mkufunzi hukosoa. Zoezi hili humzoeza mtu kusimama mbele za watu, kupaza sauti na kugawa ubao vizuri. Upungufu wake ni kwamba watu wazima wanaoigiza Darasa la Tatu wanajua majibu tayari, na hata wakikosea makusudi, hawakosei kama watoto wanavyokosea.

Shuleni, tarajali huanza kwa kukaa nyuma ya darasa akimtazama mwenyeji wake. Kisha huja kazi ya kuandika. Kutoka kwenye muhtasari wa somo hutengeneza azimio la kazi, na kutoka kwenye azimio huandika andalio la kila kipindi: umahiri unaokusudiwa, zana, muda wa kila hatua, vitendo vya mwalimu, vitendo vya mwanafunzi, na tathmini. Kazi hii inachosha, hasa kwa anayeandika maandalio ya masomo mawili usiku mmoja, lakini haikwepeki. Safu ya vitendo vya mwanafunzi humlazimisha kufikiri watoto watafanya nini wakati yeye anaongea.

Darasa lenyewe huja na mambo ambayo andalio halikuyataja. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini katika shule nyingi, hasa baada ya elimu bila malipo kuanza Januari 2016, darasa moja huwa na watoto wengi kuliko hao kwa mbali, wamebanana kwenye madawati. Tarajali akiuliza, "Mmeelewa?" hujibiwa kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Jibu hilo humtia moyo, na ndilo linalompoteza kuliko jambo lolote lingine. Madaftari ya mazoezi huja kumwonesha hali halisi.

Katika kutoa kwa kukopa, kwa mfano, 52 toa 27 ni 25, lakini wapo watoto watakaoandika 35. Kwenye mamoja wametoa 2 kwenye 7, kwa kuwa wamezoea kutoa namba ndogo kwenye kubwa. Kwenye makumi wametoa 2 kwenye 5 wakapata 3. Mtoto wa namna hiyo hakuzembea. Amefuata kanuni aliyojijengea mwenyewe, na alama ya kosa kwa wino mwekundu haitambadilisha. Tarajali anayemwita na kumuuliza, "Umepataje hapa?" hulijua kosa linakotoka, na kesho yake huingia darasani na vijiti vilivyofungwa kumi kumi, afungue fungu moja mbele ya watoto ili waone kukopa kunafanyikaje. Siku anapofika hapo, ualimu wake umeanza.

Madarasa ya chini yana ugumu wake. Tangu mwaka 2015, Darasa la Kwanza na la Pili hutumia sehemu kubwa ya muda kwa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Katika vijiji ambako nyumbani huzungumzwa Kisukuma, Kiiraqw au Kimaasai, tarajali mgeni anaweza kuonesha picha ya mnyama anayefahamika na kila mtoto, akakosa jibu kwa sababu tu jina lake la Kiswahili bado halijawafikia. Hapo mwalimu mwenyeji anayekijua kijiji ni wa thamani kuliko kitabu chochote.

Kuhusu adhabu, kanuni za mwaka 2002 zinampa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, mamlaka ya kutoa adhabu ya viboko, navyo visizidi vinne na viandikwe katika kumbukumbu. Kuwa katika BTP hakumpi tarajali ruhusa ya kushika fimbo. Utulivu wa darasa aupate kwa kuyajua majina ya watoto na kuwapa kazi mapema.

Mkufunzi hufika kutathmini, akaketi nyuma na fomu yake. Siku hiyo somo hupambwa kwa zana mpya za karatasi za manila, na wapo wanaorudia mada iliyokwisha kufundishwa ili watoto wajibu haraka. Kipindi kimoja hakitoshi kumpima mtu. Anayeweza kumjua tarajali vizuri ni mwalimu mwenyeji, ila katika shule zenye upungufu wa walimu mwenyeji humwachia vipindi vyote, yeye akaenda kushughulikia madarasa mengine. Sababu inaeleweka, lakini hasara huwaangukia tarajali na watoto.

Walimu wakuu wanaopokea wanachuo wapange ratiba itakayomwezesha mwenyeji kuingia darasani pamoja na tarajali walau mara chache kila wiki, na baada ya kipindi wawili hao wakae kusoma madaftari ya watoto, si andalio peke yake.