Je, Wajua? Kisangani, mji waliopigania wageni

Je, wajua kwamba majeshi yaliyopigana katikati ya Kisangani kuanzia Jumatatu, tarehe 5 Juni 2000, hadi Jumamosi, tarehe 10, hayakuwa ya Kongo hata moja? Rwanda ilikuwa upande huu, Uganda upande ule. Wenyeji wanaviita Vita vya Siku Sita. Ukipanda ndege kutoka mpaka wa Uganda, au kutoka Goma, bado una karibu kilomita 500 za msitu kabla ya kuiona Kisangani. Nchi mbili zilizodai kuingia Kongo kulinda mipaka yake zilikuja kupigana zikiwa mbali sana na mipaka hiyo.

Je, wajua yalishushwa mabomu mangapi? Umoja wa Mataifa ulihesabu makombora zaidi ya 6,000 katika mji wenye wakazi laki kadhaa. Ripoti ya Umoja huo ya mwaka 2010 kuhusu uhalifu mkubwa nchini Kongo inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, kutegemea nani alihesabu. Waliojeruhiwa walizidi 1,000, na nyumba za watu zaidi ya 400 zilibomolewa. Hata kanisa kuu la Notre-Dame lilipigwa, pamoja na shule na hospitali. Umeme ulikatika na maji ya bomba yakakatika nao, kwa hiyo watu waliojificha chini ya vitanda walilazimika kutoka na ndoo kwenda mtoni huku mizinga ikinguruma. Huo mwanya kati ya 244 na 760 ni mkubwa mno. Maana yake ni kwamba wapo watu zaidi ya 500 ambao mpaka leo haijakubaliwa kama walikufa vitani humo.

Je, wajua kwamba mji wenyewe una ramani inayorahisisha vita? Mto Kongo unautenga na komini ya Lubunga upande wa kusini, na mto Tshopo unapita kaskazini. Waganda walikuwa ng'ambo ya Tshopo, Wanyarwanda wakashika katikati ya mji. Katikati yao kuna daraja moja. Kombora lililotoka ng'ambo likimkosa askari lilitua Makiso, Mangobo au komini ya Tshopo yenyewe, uani kwa mtu. Mwishowe Waganda ndio waliorudi nyuma kuelekea kaskazini.

Je, wajua kwamba hiyo ilikuwa mara ya tatu? Walishapigana hapo hapo Agosti 1999, wakarudia Mei 2000. Baada ya mara ya kwanza, Yoweri Museveni wa Uganda na Paul Kagame wa Rwanda walikutana Mweya, ndani ya hifadhi ya wanyama magharibi mwa Uganda, wakapatana. Baada ya mara ya pili wakakubali kuondoa askari wao mjini, na waangalizi wa Umoja wa Mataifa walikuwa tayari wameshafika kusimamia jambo hilo. Mara ya tatu ikapigwa mbele ya macho ya waangalizi hao.

Je, wajua kwamba marais hao wawili walianzia vita pamoja? Tarehe 6 Februari 1981 Museveni alipovamia kambi ya Kabamba na kundi lenye bunduki 27, Kagame alikuwamo. Museveni aliposhika Kampala mwaka 1986, kijana huyo wa wakimbizi wa Kinyarwanda akawa afisa wa usalama wa jeshi la Uganda. Mwaka 2000 aliapishwa kuwa rais wa Rwanda tarehe 22 Aprili, na kabla hajafikisha miezi miwili ikulu, jeshi lake lilikuwa likimpiga mkubwa wake wa zamani Kisangani. Wengi hueleza ugomvi ule kwa almasi, nami siikatai almasi. Lakini bei ya mawe peke yake haielezi kwa nini watu wapigane mara tatu katika miezi kumi. Kampala ilitaka kubaki kaka mkubwa, na Kigali ilikuwa imechoka kuitwa mdogo.

Je, wajua kwamba cheche ya kwanza ilihusu profesa wa historia? Ernest Wamba dia Wamba, aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiye aliyewekwa kuwa kiongozi wa waasi wa RCD mwaka 1998. Mei 1999 wenzake wa Goma wakamng'oa. Akahamia Kisangani chini ya ulinzi wa Uganda, na Rwanda ikabaki na wale waliomng'oa. Kwa hiyo mji mmoja ukawa na makundi mawili ya RCD, kila moja na mlezi wake na ofisi yake. Mkataba wa Lusaka wa kusimamisha vita ulikuwa unasubiri sahihi ya RCD. Swali lilikuwa RCD ya nani. Jibu lilitafutwa kwa bunduki Agosti ile, na mwisho wa mwezi viongozi wa chama wakatia sahihi wote, kama hamsini hivi. Sijui kama kuna mkataba mwingine barani ambao chama kimoja kimeusaini kwa mikono mingi namna hiyo.

Almasi, basi. Je, wajua kwamba wakati wa uvamizi huo Kisangani ilikuwa soko la almasi lenye maduka ya wanunuzi barabarani, yenye michoro mikubwa ya mawe ukutani? Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2001 jinsi maafisa wa majeshi yote mawili walivyoingia katika biashara hiyo. Uganda ikaunda tume yake chini ya Jaji David Porter, Rwanda ikakanusha.

Je, wajua toleka ni nini? Ni baiskeli ya abiria, kiti cha nyuma kimewekewa mto laini, na jina lake ni la Kilingala. Ilishamiri miaka ile ya vita. Mstari wa mapigano ulikuwa umeukata mto, meli za Kinshasa hazikupanda, mafuta ya petroli yalikuja kwa ndege, na bei yake haikushikika. Hapo awali kilomita 1,700 za mto kutoka Kinshasa ndizo zilizoifanya Kisangani iwe kama ilivyo, kwa sababu meli haiwezi kwenda mbele zaidi: juu ya mji kuna maporomoko saba ya Boyoma. Kila anayetaka mashariki ya Kongo kwa njia ya maji hushukia hapo. Majenerali wanaisoma ramani hiyo kama wafanyabiashara wanavyoisoma.

Na si majenerali wa juzi tu. Je, wajua kwamba mwaka 1887 aliyekuwa liwali wa mahali hapo alikuwa Mswahili wa Zanzibar? Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameifukuza ngome ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka mmoja kabla. Leopold hakuwa na nguvu ya kuirudisha, kwa hiyo mpelelezi Stanley akaenda Zanzibar na kumpa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, cheo cha ugavana na mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Aliyeunguza nyumba akapewa funguo. Wabelgiji walipopata nguvu, vita vya miaka ya 1892 hadi 1894 viliwamaliza Waswahili hao kisiasa, ila Kiswahili chao kilibaki.

Je, wajua kwamba Kisangani, ikiitwa Stanleyville, imewahi kuwa makao makuu ya serikali mara mbili? Desemba 1960 Antoine Gizenga alitangaza hapo kwamba serikali halali ya waziri mkuu Patrice Lumumba ingali hai. Lumumba mwenyewe alikamatwa akiwa njiani kuja katika mji huo, ambako aliwahi kufanya kazi ya posta. Muungano wa Kisovieti, China, Misri na Ghana zikamtambua Gizenga. Kutambuliwa hakukuleta mkate: Sudan ilikataa kupitisha silaha, Mobutu, mkuu wa jeshi la Kinshasa, akafunga mto, na serikali yenye marafiki wengi ikakaa peke yake msituni.

Mara ya pili ni 1964. Waasi wa Simba waliuteka mji Agosti, na Septemba Christophe Gbenye akatangaza Jamhuri ya Watu. Huo ulikuwa utawala wa kimabavu. Wakongo wengi waliosoma au waliofanya kazi serikalini waliuawa hadharani, mbele ya mnara wa Lumumba. Gbenye alipoona jeshi la Kinshasa linakaribia, akawashika mateka Wazungu zaidi ya elfu moja na kuanza kutishia redioni. Mazungumzo ya mwisho yalifanyika Nairobi, Jomo Kenyatta akiwa mwenyekiti, Thomas Kanza akiwasemea Simba na balozi William Attwood akiisemea Marekani. Ilikuwa tarehe 23 Novemba. Kesho yake alfajiri makomandoo wa Ubelgiji waliruka kutoka ndege za Marekani juu ya uwanja wa Simisimi. Attwood alikuwa mezani wakati ndege zimeshafika Kamina. Kenyatta hakulisahau jambo hilo, na sioni kwa nini angelisahau.

Je, wajua nani aliyewafunza askari wa Mobutu, wakati huo rais, miaka kumi baadaye? Korea Kaskazini. Mobutu alikwenda Pyongyang mwaka 1974, akarudi na wakufunzi wa divisheni iitwayo Kamanyola. Vita vya jimbo la Shaba vilipozuka mwaka 1977 divisheni hiyo haikufua dafu, na ikabidi Wamoroko waje kuokoa. Mwaka 1997 Mobutu alileta mamluki Waserbia Kisangani. Nao mji uliwaponyoka: tarehe 15 Machi waliingia waasi wa Laurent-Désiré Kabila, na nyuma yao jeshi la Rwanda, jambo ambalo Kagame alilikiri hadharani miezi michache baadaye.

Je, wajua nani aliyelipa kwa ajili ya Siku Sita? Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 1304, lilisema Uganda na Rwanda zote zilipe fidia. Kongo ilizishitaki zote The Hague. Kesi dhidi ya Uganda ilisikilizwa, na tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikaamuru ilipe dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyote, si Kisangani peke yake, kwa mafungu matano ya milioni 65. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni 11. Kesi dhidi ya Rwanda ilitupwa mwaka 2006, bila kusikilizwa madai yenyewe, kwa kuwa Rwanda haikuwa imekubali mamlaka ya mahakama hiyo. Makombora yalitoka pande mbili na hundi ikatoka upande mmoja.

Mahakama ya Afrika huko Arusha iliamua Juni 2025 kwamba inayo mamlaka ya kusikiliza kesi mpya ya Kongo dhidi ya Rwanda. Lakini kesi hiyo ni ya Kivu na waasi wa M23. Juni 2000 haimo.

Je, wajua kwamba tangu Julai 2022 Kongo, Uganda na Rwanda ni wanachama wa jumuiya moja, ile ya Afrika Mashariki? Fungu la kwanza la dola milioni 65 Uganda ililipa miezi miwili baada ya hapo.

Na fedha hizo? Serikali ya Kongo iliunda mfuko uitwao FRIVAO wa kuzigawa kwa waathirika, ofisi yake kuu ikiwa Kisangani. Mwaka 2025 aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, alishitakiwa kwa dola milioni 19 zilizochotwa humo kwa ajili ya kujenga gereza jipya Kisangani. Alikana. Tarehe 2 Septemba Mahakama ya Kasasheni ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu.