Nyuzi 25 Zinaposomeka Sifuri: Uhakiki wa Kiendeshi cha Kihisi cha Halijoto

Kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, ile inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za programu kwenye kichakataji na inayozungumza na vifaa vyote vilivyounganishwa na mashine. Kerneli ya Linux, ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika nchini Ufini mwaka 1991, leo imo katika simu za Android, katika seva, katika ruta za intaneti na katika bodi ndogo za viwandani, na sehemu kubwa ya msimbo wake ni viendeshi, yaani programu ambazo kila moja inajua namna ya kuzungumza na kifaa fulani au familia fulani ya vifaa. Miongoni mwao vimo viendeshi vya vihisi vya halijoto, chipu zinazopima joto la mahali zilipo na kulitoa likiwa limekwisha kugeuzwa kuwa namba. Kwa kuwa chipu yenyewe ina kazi moja tu, msimbo wa kiendeshi chake mara nyingi hauzidi mistari mia chache, na ufupi huo ndio unaowafanya wengi wadhani kwamba kuuhakiki ni jambo jepesi.

Chipu iitwayo LM75, iliyobuniwa na kampuni ya Marekani ya National Semiconductor, inafaa kuwa mfano kwa sababu vihisi vingi vilivyofuata viliiga mpangilio wake. Ndani yake mna rejista nne, na rejista ni nafasi ndogo ya kumbukumbu ambayo kompyuta inaweza kuisoma au kuiandika: ya kwanza hubeba halijoto iliyopimwa, ya pili hubeba mipangilio ya utendaji, na mbili zilizobaki hubeba vikomo ambavyo joto likivivuka chipu hutoa ishara ya tahadhari kupitia pini yake moja. Mawasiliano hupita kwenye I2C, njia ya nyaya mbili iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo waya mmoja hubeba data na wa pili hubeba mapigo ya saa. Kiendeshi kikishapakiwa, kerneli hukiweka kipimo mbele ya watumiaji kwa umbo la faili, na programu yoyote inayosoma faili iitwayo temp1_input hupata namba kamili inayotaja halijoto kwa sehemu za elfu za nyuzi ya Selsiasi, kiasi kwamba nyuzi 25 huandikwa 25000. Mtindo huo umechaguliwa kwa sababu kerneli hujiepusha na hesabu za desimali, ambazo zingeilazimu kuhifadhi na kurejesha hali ya rejista maalumu za kichakataji kila zinapotumika.

Mhakiki anayeletewa msimbo wa aina hii kwa kawaida hana chipu mkononi. Alicho nacho ni msimbo wenyewe, hati ya kiufundi iliyochapishwa na mtengenezaji, na kanuni za hwmon, yaani sehemu ya kerneli inayosimamia vihisi vya hali ya mashine. Swali lake la kwanza huwa ni kama kiendeshi kipya kinahitajika hata kidogo, kwani kiendeshi cha LM75 kilichomo tayari kinahudumia chipu nyingi za makampuni mbalimbali, na mara nyingi mistari michache inayoongezwa humo hutosha kuipokea chipu mpya. Likishajibiwa hilo, huanza kazi ya kuzisoma hati na msimbo kwa pamoja, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta mahali ambapo viwili hivyo havikubaliani. Kinachotafutwa hasa ni kosa linalotoa namba yenye sura ya kweli. Kiendeshi kinachoangusha mashine hugunduliwa siku hiyo hiyo, ilhali kile kinachosema nyuzi 31 pale penye nyuzi 62 kinaweza kudumu kwa miaka, feni zikizunguka polepole huku chipu za jirani zikichakaa kwa joto.

Mpangilio wa baiti ni mahali pa kwanza pa kuangalia. Halijoto ya LM75 hukaa katika baiti mbili, na baiti ni kundi la biti 8: baiti ya juu hubeba nyuzi kamili, na biti ya kwanza ya baiti ya chini hubeba nusu nyuzi, huku biti 7 zinazobaki zikiwa hazina maana yoyote. Chipu hutanguliza baiti ya juu. Kanuni za SMBus, ambazo zilijengwa juu ya I2C katikati ya miaka ya 1990 na ambazo kerneli huzifuata inaposoma neno la biti 16, zinataka baiti ya chini itangulie. Kwa hiyo mwandishi asipotumia amri ya kusoma inayozibadilisha nafasi baiti hizo, nyuzi 25 kamili zitaangukia kwenye eneo la biti zinazotupwa na mtumiaji ataona sifuri. Joto likipanda kwa nusu nyuzi tu, ile biti ya nusu itakuwa imekaa mahali pa alama ya hasi, na jibu litashuka ghafla hadi takribani nyuzi 128 chini ya sifuri. Kosa la namna hii hujitangaza lenyewe kwa mtu mwenye chipu, lakini waandishi wengine hulificha bila kujua kwa kuzigeuza baiti mara mbili katika sehemu mbili tofauti za msimbo, na hapo hesabu hutoka sawa kwenye kichakataji cha aina moja na kuharibika kwenye kichakataji kinachopanga baiti kwa utaratibu mwingine.

Namba hasi zina mtego wao, na huu ni wa hatari zaidi kwa kuwa hauonekani. Chipu hizi huandika namba hasi kwa mtindo ambao biti ya mwisho kushoto hubeba uzito wa kutoa badala ya kujumlisha. TMP102 ya kampuni ya Texas Instruments, kwa mfano, hutumia biti 12 na kila hatua yake ni nyuzi 0.0625, hivyo nyuzi 25 chini ya sifuri huandikwa kama hatua 3696. Msimbo unaozichukua biti hizo kama namba isiyo na alama utazidisha 3696 kwa 0.0625 na kutangaza nyuzi 231. Kifaa kilichojaribiwa Dar es Salaam, ambako joto la hewa halishuki hadi sifuri, kitaonekana kizima kabisa mpaka siku kitakapowekwa ndani ya friza. Ndiyo sababu mhakiki mwangalifu hachukui maelezo kwamba programu imejaribiwa kuwa jibu la swali hili, bali huipitisha kwa kalamu thamani hasi moja kutoka kwenye jedwali la hati ya kiufundi, hatua kwa hatua, kupitia kila mstari wa hesabu.

Usomaji wenyewe unaweza kushindikana, kwa waya kulegea au chipu kukosa umeme, na kerneli huripoti kushindwa huko kwa kurudisha namba hasi ndogo kama vile 5 hasi. Mwandishi aliyesahau kuikagua namba hiyo ataipeleka moja kwa moja kwenye kanuni ya kugeuza, ambako 5 hasi ikigawanywa kwa 128, ili kuziondoa zile biti 7 za LM75 zisizo na maana, katika hesabu za namba kamili huzaa sifuri. Kihisi kilichokatika kitasema kuna nyuzi sifuri, na programu ya kusimamia feni itaamini kwamba mashine iko baridi. Kosa linaporudishwa kama kosa, programu hiyo hupata nafasi ya kuziwasha feni zote kwa tahadhari. Kwa hiyo kila mahali msimbo unapoigusa chipu, mhakiki hufuatilia jibu linakwenda wapi.

Vikomo vya tahadhari huandikwa na mtumiaji, na mtumiaji anaweza kuandika chochote. LM75 hupima kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi nyuzi 125, lakini faili ya kikomo haimzuii mtu kuandika namba kubwa kuliko zote ambazo kompyuta ya biti 64 inaweza kuibeba. Desturi ya hwmon ni kuibana namba hiyo ndani ya uwezo wa chipu badala ya kuikataa, kwa kuwa mtumiaji hatarajiwi kujua mipaka ya kila chipu sokoni. Linalosahauliwa ni mfuatano. Kukadiria namba kwenye nusu nyuzi iliyo karibu huanza kwa kuiongezea kitu, na namba iliyokwisha kufika kileleni ikiongezewa hufurika na kugeuka kuwa hasi. Ikibanwa baada ya hapo, mtumiaji aliyeomba kikomo cha juu kabisa atapewa cha chini kabisa, na tahadhari italia papo hapo. Kubana kunatakiwa kutangulie hesabu, na mistari miwili iliyopishana nafasi inatosha kuligeuza jibu.

Jirani na kikomo cha juu kuna kikomo cha kurudi, yaani joto ambalo tahadhari haizimiki mpaka lifikiwe, ambacho huwekwa ili ishara isiwake na kuzimika mfululizo joto linapochezacheza karibu na mpaka. LM75 inapowashwa huwa na 80 kwa cha kwanza na 75 kwa cha pili. Kanuni za kerneli zinataka kikomo cha kurudi kitajwe kama halijoto kamili, 75000, kamwe isiwe tofauti ya 5000. Na kwa chipu ambazo rejista yake huhifadhi tofauti, kiendeshi kinawajibika kufanya utoaji. Ikumbukwe pia kwamba udogo wa hatua hauleti usahihi. LM75 hutaja nusu nyuzi, lakini katika eneo kubwa la upimaji wake inaruhusiwa kukosea hadi nyuzi 2 kila upande, jambo ambalo mjenzi wa jokofu la chanjo zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 hana budi kulizingatia kabla ya kununua, kwa sababu hakuna msimbo utakaolirekebisha.

Kerneli ina nyenzo inayohifadhi nakala za rejista ili isiisumbue chipu kwa kila ombi. Vikomo vinaweza kuhifadhiwa hivyo bila madhara, kwa kuwa havibadiliki mpaka viandikwe, lakini rejista ya halijoto inapaswa kutajwa waziwazi kuwa hubadilika yenyewe. Ikisahauliwa, usomaji wa kwanza utarudiwa siku zote, na mtu aliyejaribu kazi yake katika chumba chenye hewa tulivu ataona 27 jana na 27 leo bila kushuku. Karibu na suala hilo kuna suala la muda. DS18B20, kihisi kinachotumia waya mmoja wa data, huchukua hadi milisekunde 750 kukamilisha kipimo cha biti 12, na kikiwashwa rejista yake huwa na nyuzi 85 kabla ya kupima chochote. Waandishi wengine huitupa 85 kila wanapoikuta. Suluhisho hilo halifai, maana 85 iko ndani ya uwezo wa kihisi na inaweza kuwa joto halisi la mashine inayokaribia kuungua. Kinachotakiwa ni kusubiri muda ulioandikwa na mtengenezaji, na kurudisha kosa pale kipimo kinapokuwa bado.

Mhakiki huangalia pia kufuli, yaani utaratibu unaozizuia programu mbili zisiingilie kazi moja kwa wakati mmoja, ambao huhitajika pale kiendeshi kinaposoma rejista, kubadilisha biti moja na kuiandika tena.

Ugunduzi wa chipu unastahili ukali zaidi. Kiendeshi kinaweza kuandikwa ili kitembelee anwani za I2C kikitafuta chipu yake, lakini LM75 haina rejista ya utambulisho, na katika anwani zake nane huweza kukaa vifaa vya aina nyingine kabisa. Kubahatisha huku kuna historia mbaya: zaidi ya miaka ishirini iliyopita, programu ya lm_sensors ilipokuwa ikitafuta vihisi katika baadhi ya kompyuta za ThinkPad za IBM, iliharibu yaliyomo katika chipu ya kumbukumbu iliyokuwa kwenye njia hiyo hiyo, na mashine hizo zikashindwa kuwaka. Kanuni za hwmon zinawataka waandishi wa viendeshi vipya wasiweke ugunduzi kwa chipu isiyoweza kutambulika kwa uhakika. Kwenye bodi nyingi za sasa haja yenyewe imekwisha, kwa kuwa mti wa vifaa, yaani faili inayoieleza kerneli ni chipu gani imefungwa wapi, hutaja jina na anwani ya kihisi waziwazi.

Makosa ya hesabu yakigunduliwa baadaye husahihishwa kwa kiraka, na kiraka hicho hupelekwa pia kwenye matoleo ya zamani yanayoendelea kutunzwa. Majina ya faili na vipimo vyake havina bahati hiyo. Torvalds ameshikilia kwa miaka mingi kwamba badiliko la kerneli halipaswi kuvunja programu ya mtumiaji iliyokuwa ikifanya kazi, kwa hiyo faili ya ziada iliyobuniwa na mwandishi mmoja kwa ajili ya chipu yake, ikishapokelewa na programu zikaizoea, inakuwa deni la kila atakayekitunza kiendeshi hicho. Hapo ndipo mhakiki huwa mgumu kuliko mahali pengine popote, na mwandishi anayeambiwa aiondoe faili yake na atumie majina ya kawaida, au aeleze kwa nini hayamtoshi, anaombwa kulifanya hilo wakati ambapo bado linawezekana.