Damu Kwenye Skrini na Dhamiri ya Mchezaji

Mjadala kuhusu ukatili katika michezo ya video, ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki huiita gemu, aghalabu huanza na kuishia kwenye kiasi cha damu kinachoonekana kwenye skrini, kana kwamba kila tone huongeza madhara kwa kipimo kilekile. Mtazamo huo ni mwepesi mno. Historia ya michezo hiyo, pamoja na tafiti za wanasaikolojia, inaelekeza kwingine: kinachomsumbua mchezaji, au kumwacha akicheka tu, ni nafasi aliyopewa ndani ya tendo lenyewe, yaani anamuua nani, kwa sababu gani, na kama hadithi imempa uhalali wa kufanya hivyo.

Mortal Kombat, mchezo wa mapigano uliotolewa mwaka 1992 na kampuni ya Midway ya Chicago, ulipata umaarufu kwa pigo lake la kumalizia, ambapo mshindi humng'oa mpinzani moyo, au hata kichwa pamoja na uti wa mgongo. Ulipoletwa kwenye mitambo ya nyumbani mwaka 1993, kampuni ya Nintendo iligeuza damu kuwa jasho la kijivu, ilhali Sega iliiacha ifichuliwe kwa kubonyeza vitufe kwa mfuatano maalumu. Wanunuzi wakalikimbilia toleo la Sega. Desemba mwaka huohuo maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl waliitisha vikao vya Seneti ya Marekani kuhusu suala hilo, na mwaka 1994 wenye viwanda wakaunda bodi ya kupanga michezo kwa umri wa wachezaji. Hata hivyo, kilichowatia hofu maseneta kiliwafurahisha vijana, kwa kuwa wapiganaji wale walikuwa viumbe wa njozi, na pigo lile la kutisha lilikuwa pia ushahidi wa ustadi wa vidole vya aliyeweza kukariri mfuatano mgumu wa vitufe.

Hali ilikuwa tofauti kabisa Novemba 2009, ulipotoka mchezo wa vita uitwao Call of Duty: Modern Warfare 2. Katika hatua yake moja mchezaji ni Mmarekani aliyejipenyeza kwa siri katika kundi la magaidi wa Kirusi, na anaingia nao katika uwanja wa ndege wa Moscow, ambako wanawamiminia risasi abiria wasio na silaha. Hatua hiyo haina viungo vinavyong'olewa kama vya Mortal Kombat, lakini iliwakera watu wengi, wakiwemo wachezaji wazoefu wa michezo ya bunduki. Mchezaji halazimiki kufyatua risasi, na mwanzoni huulizwa kama angependa kuiruka hatua hiyo. Katika matoleo ya Ujerumani na Japani, aliyewapiga raia alikatishwa mchezo papo hapo, na katika toleo la Urusi hatua hiyo iliondolewa. Watetezi wake walidai kwamba ilikusudiwa kumfanya mchezaji auone ugaidi kwa macho ya mtendaji. Hoja hiyo ina uzito, ila utekelezaji wake una kasoro, kwa sababu anayejaribu kuwazuia wauaji hushindwa palepale. Dhamiri yake imeulizwa swali bila kuachiwa nafasi ya kulijibu.

Tafiti nazo zinaafikiana na tofauti hiyo. Mwaka 2009 Andrew Przybylski na wenzake walichapisha majaribio ambayo katika mojawapo mchezo wa Half-Life 2 ulirekebishwa, hivi kwamba maadui wa toleo moja walikufa kwa damu na wa toleo jingine wakaelea juu na kutoweka. Ukatili haukuongeza raha kwa kiasi cha maana, kwani kilichowavutia wachezaji kilikuwa hisia ya umahiri na uhuru wa kuamua. Mwaka uliofuata Tilo Hartmann na wenzake walionyesha kwamba wachezaji waliowekwa upande wa watesaji ndani ya mchezo waliona hatia zaidi kuliko waliopigana kuifunga kambi ya mateso, hasa wale wenye wepesi wa kuhurumia. Ama kuhusu hofu kwamba gemu huzalisha wauaji, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitamka mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kuonyesha kwamba michezo hiyo husababisha vitendo vya vurugu, ingawa kilikiri kuwepo uhusiano mdogo na ukali wa kawaida, kama vile kufoka na kusukumana.

Hayo hayampi mtoto wa miaka minane ruhusa ya kucheza mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Alama ya umri huchapishwa kwenye kasha, na mtoto anayelipia muda katika kibanda cha gemu mara nyingi halioni kasha hilo. Mzazi anayetaka kujua mwanawe anacheza nini asiishie kuuliza kama kuna damu; amwombe amwonyeshe mchezo wenyewe, kisha amuulize ameagizwa kumuua nani, na alijisikiaje alipotii.