Kasha la Chuma na Ujira wa Hamali

Aghalabu mtu asikiapo kuwa mitambo inaletwa kazini huuliza ni wangapi watakaofukuzwa, na swali hilo, ingawa ni la haki, huacha nyuma jambo lililo zito zaidi, nalo ni nani hatapata tena njia ya kuingia. Katika habari zote za mitambo na ujira nizijuazo, hakuna inayodhihirisha jambo hilo kuliko habari ya bandari, ambako mageuzi makubwa yaliletwa na kitu kisicho na ufundi wowote wa kustaajabisha: kasha tupu la chuma, ambalo siku hizi twaliita kontena.

Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iling'oa nanga katika bandari ya Newark, Marekani, kuelekea Houston, ikiwa imechukua makasha 58 ya tajiri mmoja wa malori, Malcom McLean, ambaye fikira yake ilikuwa nyepesi mno: ikiwa mzigo umekwisha kupangwa ndani ya bodi la lori, hapana sababu ya kuushusha kipande kwa kipande na kuupanga tena melini, wakati bodi zima laweza kunyanyuliwa. Mwaka huo kupakia tani moja ya shehena ya kawaida kuligharimu karibu dola 6, lakini katika Ideal X gharama hiyo ilikadiriwa kuwa chini ya senti 16. Wenye meli walioiona hesabu hiyo hawakuhitaji kuhubiriwa.

Mwenye kutaka kuelewa tofauti hiyo na atazame jinsi kazi ilivyokwenda zamani Mombasa au Dar es Salaam. Genge la makuli liliingia tumboni mwa meli na kupanga magunia juu ya wavu wa kamba, winchi ikauinua, genge la pili likaupokea gatini na kuyachukua magunia mabegani hadi ghalani, na baina ya genge na genge alisimama karani na daftari lake, akitia alama kila mzigo upitapo. Na pale ambapo kina cha maji hakikuiruhusu meli kusogea, matishali yalikwenda na kurudi, mzigo ule ule ukishikwa na mikono mingine tena. Kasha la futi 20 huweza kubeba magunia zaidi ya 300 ya kahawa ya kilo 60, na kreni ya leo hulihamisha kwa muda wa dakika mbili hivi, ikiongozwa na mtu mmoja aliyeketi juu katika kijumba cha vioo.

Wale makuli, hata hivyo, hawakuwa watu wa kuonewa huruma tu. Meli ilalayo gatini bila kupakuliwa humtia mwenyewe hasara kila saa, na hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yao katika mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, katika ule wa Dar es Salaam wa mwaka huo huo, na katika ule wa Unguja wa 1948, ambao Adam Shafi aliujengea riwaya yake Kuli. Jawabu la serikali ya kikoloni huko Mombasa, katika miaka ya 1950, lilikuwa kupunguza orodha ya vibarua, na kuwataka waliosalia wahudhurie kazi mara nyingi zaidi kwa ujira ulio bora. Kwa walioandikwa ilikuwa insafu. Lakini mtu wa mashamba ya pwani, aliyezoea kuja mjini siku chache akapata fedha ya kodi kisha akarejea kwenye minazi yake, alikuta mlango umefungwa, na wakati huo bandari ile haikuwa imepokea kontena hata moja.

Mfano wa pili watoka pwani ya Pasifiki ya Marekani. Oktoba 1960 Harry Bridges, kiongozi wa chama cha makuli wa huko, alikubaliana na waajiri kwamba wawe huru kuleta mitambo, nao watoe dola milioni 29 katika muda wa miaka mitano u nusu, ziwe dhamana ya ujira na malipo ya wenye kustaafu mapema. Mapatano hayo husifiwa sana, nami nayasifu, kwa sababu yalifungwa kabla ya makasha kuenea, makuli wangali na kitu cha kuuza. Ila fedha ile waligawana waliokwisha kuandikwa. Kijana ambaye angeingia bandarini miaka kumi baadaye hakuwako kwenye meza ya mapatano, na wala hakujua kuwa kazi yake imeuzwa.

Tena si kazi zote zilizokufa, nyingine zilihama. Gati za kale za London zilifungwa moja baada ya moja kati ya 1967 na 1981, shughuli ikiteremka mtoni hadi Tilbury. Kwetu, kasha lililotiwa lakiri laweza kushushwa Mombasa na kufunguliwa Embakasi, Kampala au Kigali, na kazi ya kufungua, kuhesabu na kupanga hulifuata huko liendako, jambo ambalo watu wa Mombasa wamelilalamikia sana tangu reli mpya ianze kuyapeleka makontena Nairobi.

Leo zamu imewafikia wengine. Rotterdam ilianza kutumia magari ya bandari yasiyo na dereva mwaka 1993, na Qingdao, Uchina, ilifungua gati la kujiendesha mwaka 2017. Makuli wa pwani za mashariki na kusini za Marekani, wapatao 45,000, waligoma siku tatu Oktoba 2024 kwa ajili ya ujira na mitambo hiyo. Mimi lakini humwangalia zaidi yule karani. Kila kontena lina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho, iliyozungushiwa mstari, hupatikana kwa kupiga hesabu ya hizo zilizotangulia, ili atakayesoma vibaya abainike papo hapo. Yaani sehemu ya uangalifu wa karani ilikwisha kutiwa ndani ya namba yenyewe zamani, na kamera inayowekwa langoni humalizia iliyosalia. Kuli alipokasirika meli ililala. Karani wa leo, kama yule wa ofisi ya uwakala wa forodha, akiweka kalamu chini kesho, hawezi kuizuia meli hata saa moja, na kwa hiyo sioni ni nani atakayeona haja ya kumwita mezani kabla kamera haijawekwa.