Kamera moja inatosha? Soma hii kabla hujapokea advansi ya harusi

Umepata tenda ya harusi Lumemo, hapa Ifakara. Mteja ameshalipa nusu. Una kamera moja, lenzi mbili na flashi. Sasa jiulize: kamera ikizima wakati maharusi wanavishana pete, unafanyaje?

Hapo ndo unapoanza ule ubishi wa bodi moja au bodi mbili. Bodi ni kamera yenyewe ukishatoa lenzi. Wapo wanaosema bodi ya pili ni mbwembwe tu za mjini. Wapo wanaosema bila bodi mbili wewe bado si mpiga picha. Wote wanasahau kuuliza jambo moja: unauza kazi gani?

Je, kazi yako inarudiwa?

Kama unapiga paspoti, picha za familia studio au bidhaa za dukani, bodi moja inatosha. Kamera ikigoma utamwambia mteja aje kesho. Atanuna kidogo, lakini atarudi na picha atapata.

Harusi hairudiwi. Kipaimara, mahafali na mazishi navyo hivyo hivyo. Huwezi kumwambia padri au shehe aanze upya kwa sababu kamera yako imegoma. Kwa kazi za namna hii unahitaji kamera ya pili siku hiyo. Angalia vizuri: nimesema uwe nayo siku hiyo. Sijasema lazima uinunue.

Kwa nini Ifakara ni tofauti na Dar

Mpiga picha wa Dar es Salaam kamera ikimfia asubuhi, anaweza kukimbilia Kariakoo akatafuta fundi, au akakodi nyingine kabla ya saa nane. Kutoka Ifakara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 400. Ukiipakia kwenye basi leo, harusi inaisha kamera yako bado iko njiani.

Halafu kuna hali ya hewa ya bonde letu. Kiangazi vumbi linaingia kila mahali, na kila unapobadilisha lenzi nje unaliachia mlango. Masika unyevu unapanda, na lenzi iliyofungiwa kwenye begi inaota fangasi. Mto Lumemo nao umeshafurika mara kadhaa na kuingiza maji kwenye makazi ya watu. Vyote hivyo vinapunguza umri wa kamera.

Na tafadhali, kamera iliyolowa usiifukie kwenye mchele. Mchele wa Ifakara ni wa kupika. Vumbi lake linaingia kwenye matundu ya kamera na kuongeza tatizo. Toa betri na kadi, iache wazi sehemu kavu yenye hewa, usiiwashe haraka.

Shata nayo ina umri wake

Ndani ya kamera za DSLR kuna kipazia kinachofunguka na kufunga kila unapopiga picha. Hicho ndicho shata. Canon EOS 80D shata yake imepimwa kwa picha 100,000, na 5D Mark IV kwa 150,000. Haina maana kwamba ikifika hapo inakufa. Inaweza kupitiliza, inaweza pia kufa kabla.

Piga hesabu. Ukipiga picha 1,500 kwa harusi, na una harusi nne kwa mwezi, hizo ni picha 6,000. Shata ya 100,000 unaimaliza ndani ya miezi 17 hivi. Na hapo ni kama ulinunua kamera mpya. Ukinunua mtumba, muulize muuzaji shata imeshapiga picha ngapi kabla hujatoa hela.

Faida ya pili: lenzi mbili kwa pamoja

Bodi ya pili haisubiri tu ya kwanza ife. Bodi moja unaifunga lenzi pana kwa ajili ya ukumbi na watu wengi. Nyingine unaifunga lenzi ndefu kwa sura na machozi ya mama mzazi. Hubadilishi lenzi wakati tukio linakupita, na vumbi haliingii.

Ndo maana wapiga picha wa mpira Uwanja wa Mkapa unawaona na kamera mbili: ndefu kwa mpira ulioko mbali, fupi kwa goli na shangwe za karibu. Anayefuata sheshe kwenye Bonde la Kilombero naye inamfaa hivyo hivyo, maana mnyama hakungoji ubadilishe lenzi.

Zama za filamu wapiga picha wa habari walibeba mbili kwa sababu nyingine tena: moja ina filamu ya rangi, nyingine ya nyeusi na nyeupe, na roli moja ilikuwa na picha 36 tu.

Lakini usidhani wingi wa kamera ndo ufundi. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipata heshima dunia nzima akitumia zaidi Leica ndogo yenye lenzi ya milimita 50. Ila yeye alikuwa anatembea mitaani akitafuta picha. Hakuwa na bibi harusi anayemdai albamu.

Usianze na bodi

Hela ikiwa ndogo, fuata mpangilio huu:

1. Betri ya pili, halafu ya tatu. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia harusi, betri moja haikuvushi.
2. Memori kadi zaidi ya moja. Badilisha kadi katikati ya shughuli, ili moja ikiharibika usipoteze siku nzima.
3. Flashi ya akiba, hata ya bei nafuu. Ukumbini usiku bila flashi utahangaika.
4. Bodi ya pili.

Vitatu vya kwanza ni vya bei nafuu zaidi, na ndivyo vinavyokuishia au kukugomea kirahisi katikati ya kazi.

Ukinunua, nunua ndugu yake

Bodi ya pili si lazima iwe mpya wala kali kuliko ya kwanza. Cha muhimu ni zielewane. Canon 6D, 70D, 80D na 5D Mark III zote zinatumia betri ya LP-E6, kwa hiyo chaja moja inatosha. Ukichanganya Canon na Nikon, lenzi haziingiliani na rangi za picha hazifanani. Utakesha kwenye kompyuta ukizirekebisha.

Angalia pia lenzi zako. Lenzi za Canon EF-S zinaingia 70D na 80D, lakini haziingii 6D wala 5D. Wengi wanagundua hilo wakiwa wameshalipa.

Ukishakuwa na bodi mbili, linganisha saa zake kabla ya kazi. Zikipishana dakika kumi, kwenye kompyuta keki itakatwa kabla maharusi hawajaingia ukumbini.

Huna hela ya bodi ya pili?

Njia rahisi ni kumwita mwenzako mwenye kamera yake mpige wote, umlipe kutoka kwenye tenda. Unapata bodi ya pili na jicho la pili kwa mkupuo. Wiki ijayo na yeye anakuita.

Unaweza pia kukodi au kuazima. Hapo mkubaliane mapema, tena kwa maandishi: ikiharibika nani analipa?

Na simu? Mchana nje, mfano mkienda kupiga picha Daraja la Magufuli, simu nzuri inaweza kukuokoa. Usiku ukumbini, watu wakicheza, itahangaika. Hata hivyo picha ya pete iliyopigwa kwa simu inazidi kukosa picha ya pete. Siku ya kazi ichaji ijae na ufute vitu kupata nafasi.

Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo kwa harusi ijayo, jibu kwanza: kamera hii ikizima saa saba mchana, saa saba na dakika tano nitakuwa napigia nini? Kama una jibu, pokea advansi. Kama huna, mpigie simu mwenzako leo, usingoje Jumamosi.