Mtoto wa ndugu ni mtoto wetu, lakini fomu inauliza jambo lingine

Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, familia nyingi za kwetu zimetawanyika. Wengine walivuka mpaka wakakaa katika kambi za Uganda, kama Kyaka II, Rwamwanja na Nakivale, na kutoka huko baadhi yao wakapokelewa Marekani au Kanada. Sasa wanatafuta kuwaita waliobaki. Ndiyo sababu sisi wachungaji tunaombwa barua na vyeti vya ubatizo mara kwa mara. Na kati ya maombi hayo yamo yanayotutaka tuandike kwamba mtoto wa ndugu ni mtoto wa kuzaa.

Wapendwa, kwetu Mangina baba mdogo ni baba. Anayesema hivyo mbele ya wazee hasemi uongo. Lakini sheria ya Marekani inayomruhusu mkimbizi kuwaita watu wake, kwa fomu iitwayo I-730, inatambua mume au mke, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, basi. Undugu huo uwe ulikuwepo kabla ya yeye kuingia Marekani, na fomu ipelekwe ndani ya miaka 2 tangu alipofika. Fomu yenyewe haina malipo, anayewauzia anawaibia. Wazazi na ndugu hawamo. Hao huombwa baadaye, mwombaji akisha kuwa raia, na ndugu hungoja zaidi ya miaka 10. Kanada humpa mkimbizi mwaka 1 tangu afike, nao huhesabu watoto walio chini ya miaka 22, lakini sharti awe aliwataja kabla ya kuondoka.

Hapo ndipo wengi wanaumia. Mama anaficha mume kwa kuwa amesikia kambini kwamba wajane huchukuliwa upesi. Miaka miwili ikipita anataka kumwita mume huyo, na karatasi zake mwenyewe zinasema alikufa. Mwingine anamwandika yatima wa dada yake kama mtoto wa tumbo lake, vipimo vya DNA vinamkana, na hata watoto wake halisi wanaanza kutiliwa shaka. Yatima aandikwe yatima. Baada ya mauaji na Ebola tunao wengi, na HCR wana utaratibu wao wa kuchunguza hali ya mtoto anayelelewa na asiye mzazi wake.

Mwaka 2008 Marekani ilipima DNA za waombaji mjini Nairobi, wengi wao Wasomali na Waethiopia. Undugu mwingi uliodaiwa haukuthibitika, hivyo programu nzima iliyoitwa P-3, ya kuunganisha familia za wakimbizi, ikafungwa hadi Oktoba 2012. Waliosema kweli walifungiwa nje pamoja na waliodanganya. Mtoto aliyekuwa na miaka 17 mlango ulipofungwa alikuwa na 21 ulipofunguliwa, yaani hakuhesabiwa tena kuwa mtoto.

Abrahamu naye alipofika Misri alisema Sara ni dada yake. Tena haukuwa uongo mtupu, maana Mwanzo 20 inaeleza kwamba walikuwa wa baba mmoja. Nusu hiyo ya kweli iliwaletea mapigo watu wa nyumba ya Farao ambao hawakujua lolote.

Shida yetu nyingine ni majina. Sisi Wanande humwita mtoto kwa zamu ya kuzaliwa: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu. Ofisa wa kigeni anaona baba ni Kambale na mwana ni Kasereka, na katika uwanja mmoja wamo akina Kasereka watatu wa mama tofauti. Jina peke yake halionyeshi nani ni wa nani. Karatasi ndizo zinaonyesha. Sheria ya familia ya nchi yetu, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto etasivili. Zikipita, inabidi kupata hukumu ya mahakama. Ndoa nayo iandikishwe huko: mahari yakilipwa na mchungaji akibariki, bado serikali haijaiandika.

Tarehe 27 Januari 2025 Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi, na Kanada, mwishoni mwa Novemba 2024, ilisimamisha maombi mapya ya vikundi vya watu watano wanaodhamini wakimbizi. Milango hii imefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Wakati huu wa kungoja unatosha kwenda etasivili.

Sisi tutatoa kile kilichomo katika kitabu cha ubatizo, na tarehe yake ileile. Anayekihitaji aje na jina la mtoto, la baba, na la mama aliyemzaa.